Kupanga, Kupangiwa, Kujipangia

Ipo tafsiri moja ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili tungefaa kuiitia kikao: "Itifaki ya Usanidi wa Mwenyeji Inayobadilika". Hiyo ndiyo DHCP, kanuni inayoipa simu yako anwani mara tu inapokubaliwa kwenye waifai ya nyumbani au ya ofisini. Kila neno lililomo ni la Kiswahili. Ukiyaunganisha, hayasemi kitu.

Tuanzie mwishoni, kwenye "inayobadilika". Ngeli haina huruma. Kiambishi "i" kimeishika itifaki, kwa hiyo tumeambiwa kwamba itifaki yenyewe ndiyo inayobadilika. Si kweli. Ralph Droms aliiandika mwaka 1993, ikafanyiwa marekebisho 1997, na kiini chake kingali kilekile. Tungesema "unaobadilika", sifa ingeuangukia usanidi. Tungesema "anayebadilika", mwenyeji angekuwa kigeugeu. Kinachobadilika hasa ni anwani, nayo haikutajwa kabisa! Kiingereza huweza kuitanguliza sifa na kumwacha msomaji abahatishe inamhusu nani. Kiswahili hudai jibu palepale, na mfasiri aliyejibu bila kufikiri huumbuliwa na herufi moja.

Na "itifaki" sina ugomvi. Asili yake ya Kiarabu ni mapatano, na kila aliyekaa kwenye hafla ya Kiswahili analijua neno hili kwa njia ya pekee: mzungumzaji hushika kipaza sauti, hutazama meza kuu, kisha husema "itifaki imezingatiwa", na kwa maneno hayo mawili huwa amewasalimu waheshimiwa wote kwa vyeo vyao. Itifaki ni nani aanze, nani afuate, aitweje na ajibuje. Mashine nazo hazina zaidi ya hilo: nani aanze kusema, kwa kauli ipi, na afanye nini akikosa jibu. Wanaosema "protokali" waachwe waseme, lakini hakuna sababu ya kumfukuza aliyekwisha kukaa na akakaa vizuri.

Tatizo ni "mwenyeji". Mwenyeji ni mwenye mji. Ndiye anayemjua jirani na mjumbe, ndiye anayemwonyesha mgeni msala na maji ya kunawa. Sasa kitazame kifaa kinachohusika: kimewashwa sasa hivi, hakina anwani, hakijui lango la kutokea liko wapi, hakimjui yeyote. Kwa kila kipimo cha Kiswahili huyo ni mgeni, tena mgeni asiye na mzigo. Kumwita mwenyeji ni kuligeuza neno kichwa chini miguu juu. Kosa limetokana na kufasiri neno la Kiingereza kwa maana yake ya sebuleni, ilhali mafundi huita hivyo mashine yoyote iliyo mtandaoni. "Kifaa" latosha. Chombo, kifaa, mashine: yote matatu yana heshima kuliko mwenyeji wa uongo, na "jina la kifaa" linaeleweka hata na mtoto, wakati "jina la mwenyeji" litamfanya akutajie jina la babake.

"Usanidi" umebaki neno la kwenye skrini. Watu wakiwa kwenye benchi la fundi simu hawasemi "nisanidie", husema "nisetie". Na tukiri kwamba "seti" limefanya kazi ya kitenzi halali: kusetia, kusetiwa, kusetika. Hata hivyo ningeutunza usanidi kwa kazi moja maalumu, yaani kuutaja mkusanyiko mzima wa mambo ambayo kifaa lazima kiyajue ili kiishi mtandaoni: anwani, lango, barakoa (nitaifikia), seva ya majina. Kuyatia hayo yote mahali pake ni kusanidi. Kupata anwani peke yake si kusanidi, na hilo lastahili kitenzi chake.

Lakini kwanza anwani yenyewe. Kwa Waarabu neno lilianza kama kichwa cha maandishi, kile kinachoandikwa juu ili kujulisha kilichomo au kinakokwenda. Kiswahili kimeugawa urithi huo mpakani. Mwanafunzi wa Kenya huulizwa katika mtihani wa fasihi ajadili ufaafu wa anwani ya riwaya, yaani jina lake. Mtanzania angesema "jina la kitabu" na kuiachia anwani kazi ya barua. Kwa hiyo katika Kiswahili kimoja anwani ni jina, na katika kingine ni mahali. Ukilichukua neno hilo na kulipeleka kwenye mtandao, ambako jina na namba ni vitu viwili vinavyotafutana mchana na usiku, unaona tumebeba mzigo kabla hata ya safari.

Tena kwa Tanzania anwani haikuwa hata mahali pa kuishi. Ilikuwa S.L.P., kisanduku cha chuma posta, mara nyingi cha shule, cha parokia au cha mwajiri, ambamo barua za watu wengi zilichanganyika. Ilionyesha barua itachukuliwa wapi. Haikuonyesha unalala wapi. Kisha ikaja operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, mwaka wa sensa, nyumba zikapigwa namba na mitaa ikasimikiwa nguzo zenye majina. Neno likahama kutoka kisandukuni hadi mlangoni. Anwani ya mtandao imebaki upande wa S.L.P.: inasema data ifikishwe wapi, na haiahidi kwamba inamjua mkaaji.

Basi kifaa huipataje? Hapa ndipo wafasiri wetu wamehangaika na nomino ilhali kitenzi kipo, nacho ni kupanga.

Mwalimu mpya hupangiwa shule. Mwanafunzi hupangiwa chuo. Hapo mwenye mamlaka ameamua nani aende wapi. Lakini pia familia hupanga vyumba viwili Mbagala, na kila mwezi hulipa pango. Hapo mtu anakaa pasipo pake, kwa muda, kwa masharti. DHCP hufanya yote mawili kwa pigo moja: seva huchagua anwani moja kutoka kwenye fungu lake na kuamua ni ya kifaa hiki, na kifaa huikalia kwa muda uliowekwa, kikijua si mali yake. Kwa Kiingereza mafundi hutumia vitenzi viwili visivyohusiana, kimoja cha kugawa na kingine cha mkataba wa nyumba. Sisi tunacho kimoja, na kimeshanyambulika tayari.

Kifaa hupanga, nacho ni mpangaji. Seva hupangisha, nayo ni mpangishaji. Kifaa hupangiwa anwani, anwani hupangishwa kwa kifaa, na muda wake ni muda wa pango. Kifaa kinachoaga kabla ya muda kuisha hupangua, na anwani hurudi funguni. Mzizi mmoja umezaa mfumo mzima, na hakuna neno hata moja hapo linalohitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili. Vichwa vya "mteja" na "seva" vinaweza kubaki vitabuni kwa ajili ya mambo mengine. Hapa mpangaji na mpangishaji wanasema zaidi.

Najua pingamizi. Mpangaji ni mtu wa mipango miji pia. Pango ni la popo pia. Panga hukata miti, na kipanga hurukia vifaranga (na huko shuleni kipanga ni yule mwanafunzi anayeongoza darasa bila jasho). Sawa. Lugha yenye maneno yasiyogusana bado haijazaliwa. Hakuna aliyewahi kusoma "mpangaji ameshindwa kulipa pango" akafikiria popo.

Wengine watapendekeza "kukodi". Hapana. Tunakodi gari, bajaji, viti vya harusi, turubai la msiba: vitu unavyoviondoa kwa mwenyewe na kuvirudisha. Panapokalika tunapanga. "Kuazima" nalo lina mvuto, kwa sababu anwani hizi hazilipiwi, na cha kuazima hakilipiwi. Lakini azima ni ya hiari na haina tarehe. Mwenye sufuria hujisikia haya hata kuidai. Pango lina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza, na mwisho ndio uti wa mgongo wa jambo hili. Nusu ya muda ikipita, kifaa humwendea mpangishaji wake kumwomba aongeze. Akikaa kimya, zikipita sehemu 7 kati ya 8 kifaa humwomba mpangishaji yeyote aliyeko. Muda ukikatika bila jibu, kinahama. Kwa kuongeza huko tayari tuna "kuhuisha", kitenzi cha leseni na uanachama, chenye uhai ndani yake. Kuhuisha pango: maneno mawili, hayana kasoro.

Mazungumzo ya kupangiwa ni ya kauli nne, na nimewahi kuyaona yakifasiriwa "gundua, toa, omba, kiri". "Gundua" ni kosa la wazi. Kifaa hakijagundua lolote. Uchungulie ujumbe wake wa kwanza: mtumaji ni 0.0.0.0, mpokeaji ni 255.255.255.255. Yaani, mimi bado si yeyote, nasema na yeyote aliyepo. Kiswahili kina neno moja tu kwa kauli ya namna hiyo, nalo ni hodi. Hodi haimtaji mtu kwa jina. Hodi huulizwa nyumba nzima. Anayebisha hodi anajua wazi kwamba hana haki ya kuvuka kizingiti mpaka aitikiwe, na akirudia mara kadhaa bila jibu ana ruhusa ya kushika njia yake.

Kauli ya pili iwe "ofa". Najua ofa ni mgeni, na kuna "toleo", lakini toleo limeshazama kwenye magazeti na programu. Ofa ina faida moja kubwa: Mtanzania aliyewahi kuhangaikia kiwanja anajua kwamba barua ya ofa si hati. Ni ahadi yenye masharti. Anwani iliyotajwa kwenye ofa bado si yako, na ukiikalia umevamia.

Ya tatu ndiyo iliyofasiriwa "omba", na neno ni dhaifu. Katika mtandao mmoja wapangishaji wawili wanaweza kutoa ofa kwa kifaa kilekile. Kauli ya tatu hutangazwa kwa wote kwa makusudi, ili aliyekubaliwa ajue na aliyeachwa airudishe ofa yake funguni. Huko ni kuchagua, kwa hiyo "chaguo". Ya nne, ambayo mafundi huiita kukiri, hubeba kila kitu kilichoandikwa rasmi: anwani, muda wa pango, lango, seva za majina. Hiyo ni "hati". Hodi, ofa, chaguo, hati. Herufi zake za kwanza hazitungi neno, na afadhali.

Mpangishaji huyu nyumbani hukaa ndani ya kile kisanduku chenye antena ambacho wengi hukiita ruta, na wengine hukiita "waifai" moja kwa moja, kana kwamba mawimbi na sanduku ni kitu kimoja. Vitabuni kimeandikwa "kipanga njia". Sikulipenda zamani. Nikilitazama sasa, kile kisanduku kweli kinapanga njia, kinapanga na anwani, na jina limekuwa sahihi kuliko alivyokusudia aliyelitunga.

Hodi ikikosa jibu je? Ndipo panapohitajika kiambishi kidogo kuliko vyote katika kitenzi chetu: "ji". Kifaa hujipangia. Tangu enzi za Windows 98 mashine isiyopata mpangishaji huchukua yenyewe namba inayoanza na 169.254, na kanuni yake ikaandikwa rasmi mwaka 2005 na Stuart Cheshire na wenzake wawili. Wafasiri huita "anwani otomatiki". Otomatiki inatufaa kwa bunduki na gia za gari. Hapa haisemi nani alimfanyia nani nini. "Kujipangia" inasema yote, tena ina kivuli kinachohitajika. Mtu tukisema "amejipangia tu", tunamaanisha hakuna aliyemwidhinisha. Ndivyo ilivyo. Anwani ya 169.254 haitambuliwi nje ya mtandao ule, na fundi akiiona kwenye skrini anajua papo hapo kwamba hapakuwa na wa kupangisha. Tuchunge tu isichanganywe na "kujipanga", maana "jipange" la vijana ni ushauri wa maisha.

Kabla ya kuikalia namba iliyojipangia, kifaa huuliza mara tatu, kwa nafasi ya sekunde moja hadi mbili, kama yupo anayeitumia. Tafsiri za kuuliza huko zipo nyingi na zote nzito: uchunguzi, upelelezi, upimaji. Watafiti wetu wametuachia lililo jepesi: dodoso. Kudodosa ni kuuliza kwa upole na kurudia, bila kushtaki. Madodoso matatu yakipita kimya, kifaa hujitangaza mara mbili na kukaa. Akijitokeza mwenye nayo, kinatafuta nyingine. Hakuna mgogoro hapo, ingawa vitabu hupenda kuandika "mgogoro wa anwani", kana kwamba kuna shauri baraza la ardhi. "Mgongano" latosha.

Anwani hii ya kujipangia, nimesema, haitoki nje. Neno lililoenea kwa hali hiyo ni "mahalia", lililochongwa kutokana na mahali. Limechongwa vizuri, ila limebaki la karatasi. Hebu tuzikumbuke ngeli zetu tatu za mahali, ambazo lugha nyingi zingezinunua kama zingeuzwa. Hapa ni penye mipaka dhahiri. Huku ni uelekeo na eneo. Humu ni ndani, pamezungukwa. Mtandao mmoja usiovuka ruta ni humu kabisa. "Anwani ya humu" inaeleweka na haina jasho la kamati. Na vifaa vinavyotumia majina yenye kikomo cha ".local" vingeandikiwa maelezo ya Kiswahili kwamba jina hili ni la humu, mtumiaji angejua bila kuuliza kwa nini halifunguki akiwa kwa jirani.

Katika anwani mpya, zile ndefu za IPv6, nimekuta furaha ambayo sikuitarajia. Ruta hutangaza nusu ya kwanza ya anwani; kifaa hujiongezea nusu ya pili. Ile nusu ya kwanza kwa Kiingereza huitwa kwa jina la sarufi, jina lilelile ambalo sisi darasani tunaliita kiambishi awali! Tumepewa istilahi bure. Nusu ya kwanza, biti 64, ni kiambishi. Nusu ya pili, biti 64, tuiite shina. Kiambishi hukuambia ngeli, yaani mtandao. Shina ni la kifaa. Anayejua kuchambua "wa-tu" na "vi-ti" amekwisha kujua kuichambua. Na tendo la kifaa kuunganisha vile viwili si kupanga tena, kwa kuwa hapana mpangishaji wala muda wa pango wa kuombwa. Ni kutunga, kitenzi cha shanga na mashairi. Kupangiwa, kujipangia, kujitungia: njia tatu, vitenzi vitatu, na hakuna aliyehitaji kifupisho.

Kuna namba nyingine ambayo kifaa huzaliwa nayo kiwandani, ya biti 48, nusu yake ya mwanzo ikitaja mtengenezaji. Imeitwa "anwani ya maunzi" na "anwani halisi". Anwani haifai, maana haisemi mahali. Ni chapa, kama neno lilivyo kwa ng'ombe na kwa bidhaa. Tena chapa inastahimili mabadiliko ya karibuni: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu huonyesha chapa ya kubuni kwenye kila mtandao ili isifuatiliwe. Jina la kupanga tulilijua siku nyingi. Sasa tuna chapa ya kupanga.

Mengine nayapita haraka. "Barakoa" ni tafsiri ya bahati: neno la vazi la uso la wanawake wa Omani na pwani, lililorudi kwenye kila kinywa mwaka 2020, na linalofaa namba kama 255.255.255.0, ambayo hufunika sehemu na kuacha sehemu ionekane. "Lango" halina mpinzani. "Lango chaguo-msingi" lina: hakuna aliyelichagua, ndiyo maana linatumika. "Lango la kawaida" lingetosha. Anwani "tuli", ile isiyobadilika, ni nzuri sana, imetulia hata kwenye sauti. Na tafadhali, ile 67 ambayo seva husikilizia na 68 ya kifaa si bandari. Bandari iko Mombasa. Hizo ni milango.

Sasa majina. Miaka ya 1970 majina yote ya mtandao wa wakati ule yaliandikwa kwenye faili moja, lililotunzwa na kina Elizabeth Feinler katika Stanford Research Institute huko California. Ukitaka mashine yako ijulikane unawaarifu wao, nao wanaliingiza. Hilo ni daftari, na daftari linatosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alilivunja daftari na kuligawa kwa wengi, ndipo tukapata DNS, mfumo wa majina, na neno la kufasiri eneo la mamlaka ya majina. Kiswahili kikachagua "kikoa".

Wengi hulitumia bila kujua limetoka wapi. Kwa wazee wa pwani kula kikoa ni kula kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, kila mmoja akipika siku yake na wote wakila. Neno la Kiingereza linanuka milki na bwana. Letu lina sufuria. Na mfumo wenyewe umeelemea kwetu: Kenya hutunza .ke, Tanzania hutunza .tz, kila aliyepewa tawi hujaza chungu chake mwenyewe, na hakuna anayewapikia wote. Aliyeipa kikoa kazi hiyo alikuwa na sikio.

"Kutatua jina", kwa upande mwingine, ni bahati mbaya. Jina si tatizo. Kifaa kinachouliza namba iliyo nyuma ya jina hufumbua, kama mtu anavyofumbua fumbo. Na seva inayomsaidia ni mfumbuzi wa majina.

Lakini humu ndani ya nyumba, pasipo daftari wala kikoa, vifaa hufanya jambo la kale zaidi. Kifaa huita jina kwa kundi zima, kwa anwani 224.0.0.251, na mwenye jina huitika mwenyewe. Kufumbua hakuhusiki. Huku ni kuita na kuitika, na katika Kiswahili aliyeitwa asiyeitika "naam" au "abee" hana adabu. Apple waliutoa mfumo wao wa namna hii mwaka 2002 wakauita Rendezvous, kisha 2005 wakaubadili kuwa Bonjour: Wamarekani wakisalimiana kwa Kifaransa. Walioandika programu ya namna hiyo kwa ajili ya Linux waliita yao Avahi, jina la lemuri wa Madagaska. Bahari yetu ilipitiwa karibu kabisa. Sikuona aliyeuliza kama kuna pwani ambako watu huingia kwa salamu iliyokwisha kukamilika: hodi, karibu.

Jina la mtandao wa waifai ni jambo jingine tena. Kiwandani huja na jina la kampuni na tarakimu. Mtu akilibadilisha, mara nyingi halitaji yeye ni nani, linamsema jirani: lipieni zenu, acheni kuchungulia. Maandishi ya kanga nayo huitwa jina, na hayo hayamtaji aliyeivaa. Ndiyo sababu sipendi "kitambulisho cha mtandao". Jina ni jina, hasa linapopiga mafumbo.

Vifaa viwili vikiwa na jina moja tuviite wajina, au masomo kama wasemavyo watu wa pwani. Anayechelewa kufika hudodosa mara tatu, kila baada ya robo sekunde, na akiambiwa jina lina mtu, hujiongezea 2. Nami kwenye hiyo 2 nina neno na waandika programu. "Printa 2" kwa Kiswahili ni printa mbili. Tukitaka ile iliyokuja nyuma ya mwenzake, tunasema printa ya 2. Kipakatalishi ni cha 2, mlango ni wa 2, jokofu ni la 2. Hapatoshi kubandika tarakimu. Programu lazima ijue ngeli ya kila kifaa kinachoingia. Na simu ambayo mwenyewe ameipa jina la mwanawe, tuseme Zawadi, ikikuta Zawadi mwingine mtandaoni, iandikwe Zawadi ya 2 au Zawadi wa 2? Wafuasi wa sarufi watasema simu ni simu. Mimi ningeandika "wa".